Kipimo cha damu kwa waliogongwa kichwani: manufaa na mipaka yake

MCHUMA chai anayeteleza kwenye mtaro asubuhi ya mvua na kugonga kisogo, au mwendeshaji bodaboda anayeanguka katika barabara ya Kericho kuelekea Litein, mara nyingi huinuka, hujipangusa matope na kurejea kazini. Anayelipwa kwa kilo za majani alizochuma hana haraka ya kupoteza siku nzima hospitalini kwa sababu ya maumivu ya kichwa. Wengi wa watu hao hupona bila tatizo. Hata hivyo, wachache miongoni mwao huwa wanavuja damu ndani ya fuvu, na kuwatambua mapema ndiko kunakowasumbua matabibu.

Tangu mwaka wa 1974, madaktari wametumia kipimo cha Glasgow kupima fahamu za mgonjwa kwa kutazama anavyofumbua macho, anavyozungumza na anavyosogeza viungo. Alama ni kati ya 3 na 15. Apataye 13 hadi 15 huhesabiwa kuwa na jeraha dogo. Neno hilo “dogo” lina hadaa ndani yake, kwani mtu anaweza kujibu maswali yote barabara ilhali mshipa umepasuka kichwani. Thibitisho hupatikana kwa picha ya CT, na mashine hiyo haipo katika zahanati za mashambani. Mgonjwa hulazimika kusafirishwa hadi hospitali kubwa, na nauli pamoja na gharama ya picha si mzigo mwepesi kwa familia ya kibarua.

Hapo ndipo wanasayansi walipoigeukia damu. Ubongo unapojeruhiwa, protini zilizomo ndani ya seli zake huvuja na kuingia katika mkondo wa damu. Mbili kati ya hizo zimepewa uzito mkubwa: GFAP, itokayo katika seli zinazozitegemeza seli za neva, na UCH-L1, itokayo katika seli za neva zenyewe. Mnamo Februari 2018, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha protini hizo kwa watu wazima, sharti damu itolewe katika muda wa saa 12 baada ya ajali.

Matokeo ya utafiti uliochangia idhini hiyo yanafaa kusomwa kwa makini. Watu wazima 1,959 waliofikishwa hospitalini Marekani na Ulaya walipigwa picha ya CT na pia kupimwa damu. Picha zilionyesha jeraha ndani ya fuvu kwa watu 125. Kati ya 671 ambao damu yao haikuonyesha dalili, watatu tu ndio waliokuwa na jeraha. Lakini watu 1,288 walipatikana na dalili katika damu, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi miongoni mwao picha zao hazikuonyesha jeraha lolote.

Maana yake ni kwamba kipimo hiki ni hodari wa kusema “huyu hahitaji picha”, ila si hodari wa kusema “huyu ameumia”. Zahanati ikikitumia, ingewaepushia safari takriban thuluthi moja ya wagonjwa wa aina hiyo. Waliosalia wangelazimika kusafiri vilevile.

Kipimo cha awali kilihitaji maabara kamili na saa kadhaa za kusubiri. Mnamo Aprili 2024, Marekani iliidhinisha kifaa cha kushikwa mkononi cha kampuni ya Abbott, kinachopima damu jinsi ilivyotoka mshipani na kutoa jibu kwa dakika 15 hivi, katika muda wa saa 24 tangu ajali. Mataifa ya Skandinavia yalitangulia kwa njia nyingine: mwongozo wao wa 2013 unaruhusu kupima protini ya S100B katika saa sita za kwanza. Kasoro ya S100B ni kuwa hutoka pia katika mafuta ya mwili na gegedu, hivyo aliyevunjika mguu katika ajali hiyohiyo anaweza kuonekana kana kwamba ameumia ubongo.

Je, haya yanaweza kufaa Kericho na Bomet? Ujuzi wa maabara si mgeni huko. Katika miaka ya 2000, taasisi ya KEMRI kwa ushirikiano na Walter Reed ya Marekani ilifanya utafiti wa virusi vya Ukimwi miongoni mwa wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho. Na haja ipo. Mnamo Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani na kuua zaidi ya watu 50. Siku kama hiyo, majeruhi wanapofika kwa wingi, kujua nani anaweza kusubiri ni jambo la uhai na kifo.

Pamoja na hayo, kwa maoni yangu, kanuni isiyogharimu hata shilingi ndiyo inayopaswa kutangulia. Kanuni za Kanada za mwaka 2001 zinaelekeza picha ya CT kwa aliyezimia au kupoteza kumbukumbu baada ya kugongwa, iwapo ametapika mara mbili au zaidi, ana umri wa miaka 65 au zaidi, ana dalili za kuvunjika fuvu, au hajapata alama 15 za Glasgow saa mbili baada ya ajali. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hahesabiwi katika kanuni hizo. Huyo apelekwe moja kwa moja.

Kipimo cha damu pia hakithibitishi wala kukanusha mtikisiko wa ubongo. Mtu anaweza kuambiwa damu yake ni safi na bado akaumwa kichwa, akasahau mambo na kukosa usingizi kwa majuma. Vilevile kwa wazee, damu inaweza kukusanyika polepole juu ya ubongo na kujitokeza wiki kadhaa baada ya kuanguka, muda wa kipimo ukiwa umepita zamani. Mzee anayeanza kuchanganyikiwa au kuburuta mguu mmoja mwezi mmoja baada ya kuteleza shambani anahitaji picha ya CT, hata kama siku ile aliinuka mwenyewe na kumaliza kuchuma.