Akili wa Mlimani: Televisheni ya Watoto Ilivyochelewa Kutufikia

Nikiwa nyumbani kwa kaka yangu huko Kibosho, binti yake wa miaka minne aliniuliza swali lililoninyamazisha kwa muda. Alikuwa akitazama katuni ya Akili and Me, ambayo mhusika wake mkuu ni msichana wa umri wake anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. "Baba mdogo, huyu anakaa kwetu au Machame?" Nilicheka, kisha nikatambua kwamba kizazi changu hakikuwahi kupata sababu ya kuuliza jambo kama hilo.

Utotoni mwetu Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi. Huku Bara, serikali ya Mwalimu Nyerere ilikiona chombo hicho kuwa anasa kwa taifa ambalo vijiji vyake vingi bado havina maji. Uamuzi ule una watetezi hadi leo, nami ni mtetezi wake kwa nusu. Wachache wenye uwezo katika vijiji vya mlimani walisimamisha antena ndefu kati ya migomba wakanasa matangazo ya Kenya, nasi watoto tukajazana sebuleni kwao kutazama chenga nyingi na picha kidogo.

Mwaka 1994 ITV ya Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame, ilianza kurusha matangazo Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa ilifuata miaka kadhaa baadaye. Kwa watoto, hata hivyo, soko huria lilileta zaidi paka na panya wa Kimarekani. Sababu ni ya kiuchumi kuliko ya kiutamaduni. Katuni iliyokwisha kurudisha gharama zake kwao huuzwa kwetu kwa bei ya kutupa, ilhali dakika moja ya katuni mpya hudai waandishi, wachoraji, waigizaji wa sauti na wanamuziki. Tena mtoto hana fedha mfukoni, kwa hiyo mtangazaji wa sabuni na bia hukimbilia mpira na taarifa ya habari.

Ndiyo maana Januari 2014 inastahili kukumbukwa. Mwezi huo TBC1 ilianza kuonyesha Ubongo Kids, kazi ya Nisha Ligon, Mmarekani, na wenzake Watanzania, miongoni mwao Rajabu Semtawa na Cleng'a Ng'atigwa. Kibena, Koba, Kiduchu, Baraka na Amani walifundisha hisabati na sayansi kwa hadithi na nyimbo za Kiswahili, na mtazamaji aliweza kujibu maswali kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, ile ya vitufe. Wakati huo nao ulisema mengi. Mwaka mmoja tu kabla, Februari 2013, yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ambayo watahiniwa wapatao 6 kati ya 10 walipata sifuri, hata serikali ikayafuta na kuyapanga upya. Tume iliundwa, lawama zikagawanywa kwa walimu, wazazi na mitaala. Kundi dogo la vijana Dar es Salaam likachora katuni.

Akili and Me ilikuja baadaye kwa wadogo zaidi, wale wa miaka 3 hadi 6. Akilala, Akili huingia katika nchi ya ndoto na kujifunza herufi, namba na rangi pamoja na rafiki zake wanyama. Mtafiti Dina Borzekowski aliwapima watoto zaidi ya 500 mkoani Morogoro, na walioitazama katuni hiyo walifanya vizuri kuliko wenzao katika stadi kama kuhesabu na kuchora. Vipindi hivi sasa vimetafsiriwa kwa Kifaransa, Kinyarwanda na Kihausa, miongoni mwa lugha nyingine. Kwa mara moja, sisi ndio wauzaji wa hadithi.

Kenya ilikwenda hatua nyingine. Tarehe 31 Machi 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, Akili Kids! ilianza kurusha matangazo kama chaneli nzima ya watoto isiyolipiwa. Jina limefanana, lakini kampuni ni nyingine. Kwetu, shule zilifungwa mwezi huohuo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaoshangilia tu. Ubongo ni shirika lisilo la faida, na sehemu kubwa ya fedha zake ni ruzuku za wafadhili wa nje. Bajeti ya elimu hununua vitabu na madawati bila mtu kushangaa. Dakika za katuni ya Kiswahili zinahesabiwa kuwa burudani, jambo la kuachiwa wahisani. Afisa anayesoma haya ajiulize ni fungu gani la bajeti yake lingeweza kuilipia sehemu moja tu ya katuni ya namna hiyo.

Nyumba ya kaka yangu iko bondeni, ambako mawimbi ya minara ya mjini hufika kwa kusuasua, kwa hiyo wanategemea dishi la kulipia. Malipo ya mwezi yakiisha, chaneli za katuni hukatika. Hapo binti yule humsubiri mama yake arudi jioni kutoka sokoni Kiboriloni na simu, na hutazama ikiwa bando limebaki.