The Great Gatsby: Jamaa Aliyesaka Doo Ndio Arudiane na Mrembo Wake

Kama unapenda stori za mapenzi na chapaa, hii riwaya ya kitambo isikupite. The Great Gatsby ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald ilitoka Aprili 1925, na ni fupi: ukiianza Ijumaa jioni, Jumapili umemaliza.

Stori iko hivi. Ni 1922, Long Island karibu na New York. Jay Gatsby anaangusha sherehe za nguvu kwa jumba lake. Wengi hujileta bila mwaliko, wanabugia vinywaji vyake, halafu wanamsengenya. Anayetusimulia ni jirani yake, Nick Carraway.

Sherehe zote hizo ni chambo cha mtu mmoja: Daisy, binamu ya Nick. Gatsby alimpenda 1917 akiwa mwanajeshi asiye na kitu. Akaenda vitani, na kabla arudi Daisy akaolewa na Tom Buchanan, jamaa aliyezaliwa kwa pesa. Sasa Daisy anaishi ng'ambo ya ghuba, na usiku Gatsby husimama akitazama taa ya kijani upande ule.

Ukisoma, angalia mambo matatu.

Kwanza, pesa na pesa si sawa. Gatsby alizaliwa James Gatz, mtoto wa wakulima maskini wa North Dakota. Aliomoka kwa pombe haramu, maana Marekani ilikuwa imepiga pombe marufuku. Kwa kina Tom, hata awe na jumba kubwa namna gani, yeye ni wa kuja tu.

Pili, jiulize kama anampenda Daisy mwenyewe, ama anapenda ile picha aliyobeba kichwani miaka mitano. Hapo ndipo riwaya inauma.

Tatu, hesabu watu kwa sherehe, halafu uhesabu wanaobaki naye mambo yakichacha. Mwisho sikumalizii utamu.

Fitzgerald mwenyewe alifariki 1940 akiwa na miaka 44, kitabu kikiwa hakinunuliwi. Kilifufuka vita vya pili vya dunia, wanajeshi wa Marekani walipogawiwa nakala bure.

Labda umeona filamu ya 2013 ya Leonardo DiCaprio. Iko sawa, lakini soma kitabu. Ukimaliza, utajiuliza wewe unahustle ndio umfurahishe nani, na kama huyo mtu bado anakungoja.