Kimempanda Uso

Bibi yetu wa Msambweni, Kwale, hakusema kwamba mjukuu wake ana kipandauso. Alisema, "Mwacheni, kimempanda uso." Mtoto alikuwa na miaka saba. Alikuwa amerudi kutoka shuleni katikati ya mchana, amejilaza kifudifudi katika chumba cha ndani na kujifunika kanga ya bibi mpaka utosini. Hakutaka redio, hakutaka mlango ufunguliwe, na harufu ya papa aliyekuwa akikaangwa uani ilimtia kichefuchefu. Bibi alikaa ukingoni mwa kitanda, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Wapi, mume wangu? Nionyeshe kwa kidole."

Kidole hakukitumia. Alitandaza kiganja kizima juu ya paji la uso, kutoka panja hadi panja.

Akatapika mara mbili, akalala. Baada ya swala ya alasiri aliamka akauliza kama papa amebaki.

Hali ile iliporudi mara ya tatu, mama yake alimpeleka kwenye zahanati. Huko aliulizwa, "Upande gani unauma?" Mtoto akamtazama mama yake, akaweka tena kiganja pale pale. Wakaambiwa kwamba basi hiyo si migreni, kwa kuwa migreni huuma upande mmoja. Wakarudi na panado. Sisemi haya ili kumlaumu aliyewahudumia. Nasema kwa sababu jibu lile lilitoka ndani ya neno la kigeni lenyewe, na tangu siku ile nimekuwa nikiyapima maneno haya mawili: hilo la kigeni na lile la bibi.

Migreni asili yake ni Kiyunani. Galeno, tabibu wa karne ya 2, aliyaita maradhi haya hemikrania, yaani nusu ya fuvu: hemi ni nusu, kranion ni fuvu. Neno likapita katika Kilatini, Wafaransa wakalikata kichwa na kulifanya migraine, na kutoka kwao likasambaa duniani. Waarabu nao waliyaita shaqiqa, kutoka mzizi wenye maana ya kupasua kitu pande mbili. Mzizi huo pwani tunao, lakini kwa kazi nyingine: ndugu wa baba mmoja na mama mmoja tunamwita ndugu shakiki, kama vile wawili hao ni mapande ya kitu kimoja. Kwa maumivu ya kichwa sijawahi kusikia mtu wa Kwale akilitumia. Hapa neno lilikuwepo.

Neno lenyewe ni kipandauso, na Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI inalitoa kuwa tafsiri ya migraine. Muundo wake ni wa kawaida kabisa kwetu: kiambishi ki-, kitenzi, kisha nomino inayotendwa. Ndivyo tulivyopata kifunguakinywa, kitindamimba na kipazasauti. Ngeli yake nayo ndiyo ngeli ya maradhi mengi: kifafa, kifaduro, kichocho, kichomi, kisukari, kipindupindu. Kwa hiyo mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza hujua mara moja kwamba huu ni ugonjwa, na kwamba kuna kitu kinachokwea usoni. Wingi wake ni vipandauso, ingawa watu husema zaidi kwamba kipandauso kimemshika, au kama bibi, wanalivunja neno na kukirudisha kitenzi chake kazini.

Kitenzi hicho, kupanda, kinahitaji uangalifu Kwale. Homa hupanda, presha hupanda, hasira hupanda. Lakini pepo naye hupanda, na kuna ngoma za kumpandisha. Mtoto anayejificha gizani, anayelizwa na kelele ndogo, anayesema ameona mianga inayocheza ukutani, si ajabu mtu mzima mwenye mapenzi naye akamfikiria pepo kabla ya ugonjwa. Degedege lilipitia njia hiyo hiyo: jina lake linatokana na ndege, na Wadigo na jamaa zao wa Kimijikenda humtaja nyuni, ndege anayeaminika kumvamia mtoto. Kipandauso hakitaji ndege wala pepo. Kinataja mwendo wa maumivu na mahali yanapofika, basi. Kwa istilahi ya tiba hiyo ni sifa kubwa, na ningependa walimu wa afya wa vijijini waitumie bila kuionea haya.

Sasa turudi kwenye kiganja cha yule mtoto. Shirika la kimataifa la wataalamu wa maumivu ya kichwa lina mwongozo wa kuyaainisha maradhi haya, na toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2018. Mwongozo huo unasema waziwazi kwamba kwa watoto na vijana maumivu ya kipandauso hushika pande zote mbili za kichwa mara nyingi zaidi kuliko kwa watu wazima, na kwamba ile tabia ya upande mmoja hujitokeza zaidi mtu anapokaribia utu uzima. Muda nao ni tofauti. Kwa mtu mzima shambulio huchukua saa 4 hadi 72. Kwa aliye chini ya miaka 18 linaweza kwisha kwa saa 2 tu. Mtoto aliyelala adhuhuri na kuamka alasiri akiomba chakula hakuwa akijisingizia ili akwepe masomo. Ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo katika umri wake.

Yaani neno la Kiyunani, lililomtazama mtu mzima, linamkosea mtoto, nalo neno la pwani linamfaa. Nusu ya fuvu haikumhusu. Uso ulimhusu.

Kuna jambo jingine linalonifurahisha. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba chanzo cha maumivu haya ni mishipa ya damu ya kichwani kutanuka. Siku hizi wataalamu wanaelekeza macho kwenye neva, hasa ile neva kubwa ya uso yenye matawi matatu. Tawi la juu linahudumia jicho na paji la uso, na neva hiyo hiyo ndiyo inayopokea habari kutoka kwenye utando unaoufunika ubongo. Inapochokozwa, humwaga kemikali zinazozidisha uchungu, na mtu husikia paji likiuma ingawa paji lenyewe halina jeraha. Waliolibuni neno kipandauso hawakupasua fuvu la mtu yeyote. Waliangalia mkono wa mgonjwa unapokwenda.

Mtoto mdogo hawezi kusema kwamba mwanga unamwumiza. Mwongozo nao unakubali hilo, kwa hiyo mzazi aangalie vitendo: anavuta shuka, anaziba masikio, anaacha mchezo na kuketi. Anayeweza kuzungumza asaidiwe maneno, na Kiswahili kinayo ya kutosha. Kichwa kinawanga. Kinapwita, kwenda sawa na mapigo ya moyo. Macho yanaingia kiwi, yaani mwanga unayazidi nguvu. Kwa ile mianga na mistari inayoweza kutangulia maumivu kwa baadhi ya watu, vitabu vya tiba vinasitasita, mara dalili tangulizi, mara maelezo ya sentensi nzima. Mimi ningechukua maruweruwe, neno ambalo tayari linabeba maana ya kuona visivyokuwepo, au vimulimuli, ambalo mtoto yeyote aliyewahi kukaa nje usiku Gazi au Shimoni analielewa. Kwa wanaozungumza Chidigo nyumbani swali laweza kuanzia hapo hapo, kwa maana mtoto atasema chitswa chinaniluma kabla ya kujua la kusema darasani.

Panapokuwa pagumu kwa istilahi hii ni tumboni. Wapo watoto ambao ugonjwa huu hauwapandi uso. Unawashika katikati ya tumbo, karibu na kitovu, kwa vipindi vya saa kadhaa; mtoto anasawajika, hataki chakula, anatapika, kisha kipindi kinaisha na anakuwa mzima kabisa hadi kipindi kingine. Wengi wao huja kuumwa kichwa wanapokuwa wakubwa. Huku pwani hali hiyo huitwa chango, naye mtoto hunyweshwa dawa ya minyoo tena na tena. Kusema kipandauso cha tumbo kunakwaruza sikio, najua. Lakini hemikrania ya tumbo inakwaruza vilevile, na Wazungu wameizoea. Naona afadhali neno likwaruze kuliko ukoo wa maradhi haya mawili ufichike, maana daktari akiujua ukoo huo atauliza swali ambalo asingeuliza: nani mwingine nyumbani huumwa kichwa? Ugonjwa huu hurithiwa sana. Yule bibi wa Msambweni alijua cha kusema kwa sababu na yeye ujanani alikuwa akifunga kanga kichwani na kujifungia ndani.

Mipaka ya neno lazima iwekwe kwa sauti ya juu, kwa sababu ya mahali tulipo. Kipandauso hakileti homa. Kwale ni nchi ya malaria, na mtoto mwenye joto la mwili na kichwa kinachouma apimwe malaria siku hiyo hiyo, bila kungoja kesho. Shingo ikikakamaa, akipata degedege, akianza kuchanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida, hiyo yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo au malaria iliyofika kwenye ubongo, na safari ya hospitali ya Msambweni au ya Kwale haingoji kukuche. Ndivyo ilivyo pia kwa kichwa kinachomwamsha usingizini, kinachouma kila asubuhi pamoja na kutapika, kinachozidi wiki hadi wiki, au kinachofuatana na makengeza mapya, mguu unaoburuzwa au kuanguka kutoka juu ya mwembe. Mtoto aliye chini ya umri wa kwenda skuli asipewe jina la kipandauso na watu wa nyumbani. Amwone daktari kwanza.

Kuhusu dawa nitasema machache. Paracetamol au ibuprofen, kwa kipimo cha uzito wa mtoto, hufaa zaidi zikitolewa mapema, shambulio linapoanza. Vidonge vya mchanganyiko vya dukani vinataka macho, kwa kuwa baadhi yake vina aspirini, nayo aspirini haipewi mtoto wa chini ya miaka 16 bila amri ya daktari: inahusishwa na ugonjwa nadra unaoharibu ini na ubongo. Na atumiaye paracetamol au ibuprofen siku 15 au zaidi kila mwezi anaweza kujiletea maumivu mapya ya kichwa yanayotokana na dawa zenyewe. Mwaka 2017 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio kwa watoto wa miaka 8 hadi 17, lililolinganisha dawa mbili za kuzuia mashambulio na kidonge kisicho na dawa. Dawa hizo hazikukishinda kidonge kitupu, na zaidi ya nusu ya watoto katika kila kundi walipata nafuu kubwa.

Kwa hiyo mambo ya kila siku yana uzito kuliko tunavyodhani: usingizi, maji, chakula. Maneno kifunguakinywa na kipandauso yametoka katika kalibu moja, na mtoto anayekosa la kwanza hujikuta mara nyingi na la pili. Anayetembea kutoka vijiji vya ndani vya Kinango bila chai, akashinda juani na chupa isiyo na maji, kisha akaunganisha na chuo cha Kurani jioni, ana sababu tatu kabla hatujauliza urithi.

Mama wa yule mtoto alishauriwa na muuguzi mwingine aandike kila shambulio. Hakupewa fomu. Alichukua daftari la hesabu lililobaki kurasa, akachora mistari, akaandika kwa lugha ya nyumbani. Niliomba kuliona. Hakuna palipoandikwa migreni, wala pande, wala nusu. Ukurasa wa kwanza unaanza hivi: Jumanne, hakunywa chai, alicheza mpira juani, kimepanda saa saba, ametapika mara moja, kimeshuka saa kumi.