Sahani Iliyovunjwa: Historia Fupi ya Mapambo ya Enameli

Wengi wetu tulikulia katika nyumba zenye vikombe vya bati: vyeupe, ukingo wa buluu, na doa jeusi pale kikombe kilipoangushwa. Ganda lile gumu si rangi ya kupaka. Ni kioo kilichosagwa kikawa unga, kisha kikayeyushwa juu ya chuma kwa moto mkali. Huitwa enameli. Makala haya yanaangalia jinsi kioo hicho kilivyogeuka maua katika mapambo ya Wajapani, na swali ambalo historia hiyo inatuuliza sisi walimu: ujuzi unaishi kwa kufichwa au kwa kutolewa?

Wajapani huiita enameli shippo, yaani hazina saba, jina linalotokana na vito saba vinavyotajwa katika maandiko ya Kibuddha. Mwanzoni mwa karne ya 17, fundi Hirata Donin alipamba vyuma vya panga za samurai kwa enameli. Ukoo wake uliushika ufundi huo kama siri ya nyumba, baba akimrithisha mwana, vizazi kwa vizazi. Kazi zao zilikuwa nzuri mno, lakini mtu wa nje hakupata pa kujifunzia.

Mambo yalibadilika kwa Kaji Tsunekichi (1803–1883), mtu wa Owari, karibu na Nagoya. Inasimuliwa kwamba mnamo mwaka 1833 alinunua sahani ya enameli iliyoletwa na Waholanzi, akaivunja ili aone ilivyoundwa. Baada ya majaribio mengi akatengeneza ya kwake. Jambo la pili alilolifanya ndilo kubwa zaidi: alipokea wanafunzi. Mmoja wao, Hayashi Shogoro, naye akafundisha wengine, na kijiji cha Toshima kikawa kijiji cha mafundi.

Kazi yenyewe inataka subira. Fundi hukunja nyuzi nyembamba za shaba au fedha kufuata mchoro wa ua, akazisimamisha juu ya bamba la shaba. Kila kijumba kati ya nyuzi hujazwa unga wa kioo wenye rangi yake. Kobalti, kwa mfano, hutoa buluu. Kazi huchomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 800 hivi. Kioo kikiyeyuka hunywea, hivyo hujazwa na kuchomwa tena na tena, kisha husuguliwa hadi kung'aa.

Mafundi wa mwanzo walijaza hata nafasi tupu kwa nakshi zilizosongamana kama za vitambaa, kwa sababu nyuzi nyingi zilisaidia kukishika kioo. Nakshi mojawapo ya kimono, ile ya duara zinazopandana, nayo huitwa shippo.

Mwaka 1876 serikali ilipiga marufuku kuvaa panga hadharani. Mafundi waliotegemea mapambo ya panga walipoteza wateja, na wengi wakageukia bidhaa za kuuzwa ng'ambo. Katika miaka hiyo hiyo mkemia Mjerumani Gottfried Wagener alisaidia kupatikana kwa enameli angavu zaidi. Sasa ua liliweza kusimama peke yake kwenye uwanja mtupu. Namikawa Yasuyuki wa Kyoto alisifika kwa maua na vipepeo juu ya weusi uliotulia. Namikawa Sosuke wa Tokyo, ambaye hakuwa ndugu yake, aliondoa nyuzi kabla ya kuchoma, picha ikaonekana kama ya brashi. Wote wawili waliteuliwa wasanii wa Kaisari mwaka 1896.

Huko Paris, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860, sonara Alexis Falize na mwanawe Lucien walitengeneza vidani na hereni za enameli wakifuata maua na ndege wa michoro ya Kijapani. Ufundi ulioletwa na Waholanzi ndani ya sahani uliwapa Wazungu somo jipya.

Tunapobishana idarani kuhusu maneno ya kukopa, tumkumbuke Kaji. Alikopa, lakini alifungua alichokopa akaelewa kilivyofungwa, kisha akakifundisha. Mficha uchi hazai. Mwalimu anayefungia notisi zake kabatini anaendeleza siri ya ukoo; anayezitoa anajenga kijiji.