Askari wa Shaba na Jina la Kariakoo

Mtu atokaye Feri kuingia katikati ya mji wa Dar es Salaam hachelewi kufika pale Barabara ya Samora ikutanapo na Mtaa wa Azikiwe. Hapo yupo askari wa shaba, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Sanamu hiyo, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza.

Kabla ya vita Wajerumani walikuwa wamesimamisha mjini humo sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyeuvunja upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri, ambaye alinyongwa Pangani mwaka 1889. Miguuni pa Wissmann waliweka askari Mwafrika. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wakaiondoa. Askari wa 1927, walau, hana bwana juu ya kichwa chake, ingawa waliomsimamisha walikuwa mabwana wapya.

Maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi na za Kiarabu, yanawataja wapagazi pia. Lakini mpagazi mwenyewe hayupo. Nairobi alichongwa pamoja na askari. Dar es Salaam aliachwa.

Na vita hivyo vilibebwa kichwani. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, magari yalikwama matopeni, na pande zote mbili zikawakamata wanavijiji kuchukua unga, risasi na majeruhi. Waliokufa kwa kuhara, homa na njaa walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Wengi walizikwa bila hata jina kuandikwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, ikaomba radhi.

Ukumbusho wa wapagazi hapa mjini haukujengwa na serikali yoyote. Baada ya 1916 kikosi chao, Carrier Corps, kiliwekwa kambi magharibi ya Mnazi Mmoja, na vinywa vya watu vikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Kambi ikawa soko. Jengo kubwa lililobuniwa na Mtanzania Beda Amuli likafunguliwa mwaka 1975. Makuli hupita humo kutwa nzima na magunia mabegani, wakiomba njia.