Mkwawa Yupi, Merere Yupi?

Ipo sentensi inayojirudia katika majibu ya mitihani, katika hotuba za majukwaani na katika mazungumzo ya vijiweni huku Nyanda za Juu Kusini: kwamba Mkwawa aliwapiga Wajerumani pale Lugalo na baadaye akawa Spika wa Bunge. Msemaji huwa hatanii. Kila kipande cha sentensi hiyo ni kweli. Tatizo ni kwamba vita vya Lugalo vilipiganwa tarehe 17 Agosti 1891, na Mkwawa aliyekalia kiti cha Spika alikikalia mwaka 1962. Yule wa Lugalo, ambaye kwa makadirio ya wengi alizaliwa karibu na mwaka 1855, angelazimika kuendesha vikao akiwa amepita umri wa miaka mia moja.

Mtu anaweza kusema hili ni jambo dogo, la kurekebishwa kwa wino mwekundu na kusahaulika. Nina sababu ya kulichukulia kwa uzito. Tunapowaunganisha watu wawili au watatu kuwa mtu mmoja kwa sababu tu wanaitwa jina moja, tunapoteza maamuzi ambayo kila mmoja aliyafanya kwa wakati wake na kwa hofu zake. Linalobaki ni jina linalotembea peke yake katika historia, likisifiwa au kulaaniwa, bila mtu ndani yake.

Taifa letu limezoea majina ya kurithiana, na mahali pengine tumejifunza kuyatofautisha bila shida. Abeid Amani Karume aliongoza Zanzibar tangu Mapinduzi ya 1964 hadi alipouawa mwaka 1972. Mwanawe, Amani Abeid Karume, akawa Rais wa Zanzibar kuanzia 2000 hadi 2010. Majina yao ya mwanzo ni yaleyale mawili yaliyobadilishana nafasi, na bado sijamsikia mtu akiwachanganya. Ali Hassan Mwinyi na Hussein Ali Mwinyi nao tunawatenga kwa neno moja tu la heshima, "Mzee". Mawaziri wakuu wawili waliotoka Monduli, Sokoine na Lowassa, wote wakiitwa Edward, hawajawahi kutusumbua. Kwa nini basi Mkwawa anatusumbua? Nadhani ni kwa sababu jina la Mkwawa wa kwanza limekuwa kubwa mno. Limewafunika waliomfuata, kama mti mkubwa unavyoyanyima jua mazao yaliyo chini yake.

Tuanze na huyo wa kwanza. Jina lake kamili ni Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga. "Mkwawa" ni ufupisho uliozoeleka wa Mkwavinyika, jina ambalo hufasiriwa kuwa mtekaji wa nchi. Munyigumba ni baba yake, mtwa aliyeziunganisha himaya ndogo za Uhehe na kufariki mwaka 1879. Mwamuyinga ni jina la ukoo. Wajerumani waliandika "Quawa", na msomaji wa nyaraka zao asipolijua hilo anaweza kupita kurasa nzima bila kugundua kwamba anasoma habari za mtu anayemtafuta. Pale Lugalo kikosi cha Emil von Zelewski, ambaye Wahehe walimwita Nyundo, kiliteketezwa na Zelewski mwenyewe akauawa. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliibomoa ngome ya Kalenga. Mkwawa akaingia porini, akapigana vita vya kuvizia kwa karibu miaka minne, kisha tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi huko Mlambalasi ili asikamatwe akiwa hai. Hayo yanajulikana, na sina haja ya kuyarefusha.

Lisilotajwa sana ni kwamba wakati yeye akiwa porini, nyumba yake yenyewe iligawanyika. Mpangile, nduguye kwa baba, alikubali kusimikwa na Wajerumani kuwa mtawala wa Wahehe. Haikupita muda mrefu wakamshuku kwamba anashirikiana na kaka yake kwa siri, wakamnyonga mwaka 1897. Mpangile hana shule wala barabara inayojulikana kwa jina lake. Kwa baadhi yetu ni kibaraka, kwa wengine ni shahidi, na mimi sioni ugumu wa kukubali kwamba huenda alikuwa yote mawili katika miezi tofauti ya utawala wake mfupi.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walikuja Waingereza, na katika miaka ya 1920 Gavana Donald Cameron akaleta utawala usio wa moja kwa moja. Mfumo huo ulihitaji machifu wenye majina yanayoheshimika. Katika Uhehe jina lililohitajika lilikuwa moja tu, na ndivyo Sapi, mwana wa Mkwawa, alivyowekwa kuwa chifu. Hebu tutafakari nafasi aliyokuwa nayo. Baba yake alikufa akikataa kutawaliwa na Wazungu. Yeye anatawala kwa idhini ya Wazungu, na sababu ya kupewa idhini hiyo ni kwamba ni mwana wa aliyekataa. Katika masimulizi yetu Sapi hutajwa kama daraja la kuvukia kutoka kwa babu kwenda kwa mjukuu. Binafsi ningependa kuona tasnifu ya mwanafunzi mmoja wa uzamili juu yake kuliko tasnifu kumi zaidi juu ya Lugalo.

Mwaka 1940 mahali pake palichukuliwa na mwanawe, Adam. Jina la Adam Sapi Mkwawa ni nasaba ya vizazi vitatu iliyoandikwa kwa mstari mmoja: la kwake, la baba, la babu. Ni utaratibu uleule tunaoufuata katika kujaza fomu za serikali, na anayezingatia majina yote matatu hawezi kukosea. Tunakosea kwa sababu tunaanza kusoma kutoka mwisho na kuishia hapohapo.

Huyu Adam ndiye aliyekabidhiwa fuvu la babu yake. Kisa hicho kinastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake suala la jina linageuka kuwa suala la kichwa cha mtu. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika Ibara ya 246, uliitaka Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikawa zaidi ya miaka thelathini. Hatimaye Gavana Edward Twining akafuatilia hadi jumba la makumbusho la Bremen, palipokuwa na mafuvu mengi, zaidi ya themanini kati yake yakiwa yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Hayakuwa na majina. Lililochaguliwa lilichaguliwa kwa vipimo vilivyolinganishwa na vya ndugu wa Mkwawa walio hai, na kwa tundu lililoonekana kuwa la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 Twining akalikabidhi Kalenga kwa shangwe kubwa.

Watafiti wamelijadili sana swali la iwapo fuvu hilo ni lenyewe, na sitaliamua hapa. Ninachotaka msomaji akione ni mafuvu yale mengine. Kila moja lilikuwa la mtu aliyeitwa kwa jina lake na mama yake. Moja lilirudi nyumbani kwa sababu jina lake liliandikwa katika mkataba wa kimataifa. Mengine yalibaki kwenye kabati. Hiyo ndiyo nguvu ya jina kubwa, na huo ndio ukatili wake.

Tuitazame pia tarehe. TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, siku kumi na nane tu baada ya sherehe za Kalenga. Twining hakuwa mtu wa kurejesha fuvu kwa huruma tupu. Kenya ilikuwa katika moto wa Mau Mau, na serikali ya kikoloni ilitaka Wahehe waendelee kuwa upande wake. Adam Sapi alisimama katikati ya mambo hayo akiwa chifu wa kikoloni mwenye jina la mpinga ukoloni. Aliwahi pia kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1962 akawa Spika, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, akimrithi Abdulkarim Karimjee. Mwaka uliofuata sheria ikaufuta uchifu. Bunge lililomkalisha chifu katika kiti chake cha juu ndilo lililouondoa uchifu kisheria, na chifu huyo akabaki kitini. Ukiacha kipindi cha Erasto Mang'enya kati ya 1973 na 1975, alikuwa Spika mpaka mwaka 1994: kutoka Tanganyika huru hadi Muungano, kutoka chama kimoja hadi vyama vingi. Hakupiga risasi hata moja. Ujuzi wake ulikuwa wa aina nyingine kabisa, wa kujua lini kanuni imsimamishe mbunge na lini imwache aendelee. Kumwita "Mkwawa" bila kuongeza neno ni kumnyima sifa anayostahili na kumvika sifa asiyoihitaji.

Hadi hapa kosa letu limekuwa la heshima iliyozidi. Upande huu wa Mbeya lipo kosa la jina ambalo linaumiza. Jina hilo ni Merere.

Kwa Wasangu, Merere lilianza kama jina la mtu na likaishia kuwa jina la cheo. Wa kwanza ni Towelamahamba. Waliomfuatia waliendelea kuitwa Merere, na wanahistoria wakalazimika kuwapa namba, kama wafalme wa Ulaya, ili kuwatenganisha. Vitabu vya shule havina subira hiyo. Ndani yake yuko Merere mmoja tu, aliyeishi miaka mingi kupita kiasi, akapigana na Wahehe, akakimbia, kisha akaungana na Wajerumani. Kutokana na mtu huyo wa kubuni ndipo hutoka ile kauli ninayoisikia vijana wakirushiana hapa Iyunga mjadala ukipamba moto: Wahehe mashujaa, Wasangu wasaliti.

Tuwatenganishe. Merere wa kwanza alikuwa hasimu wa Munyigumba, baba yake Mkwawa. Elton, konseli wa Uingereza aliyefika kwake mwaka 1877, alimkuta katikati ya vita na Wahehe, miaka saba kabla ya mkutano wa Berlin kuanza. Wakati huo Usangu haikuwa na Mjerumani wa kumsaliti mtu kwake. Shinikizo la Wahehe lilimng'oa katika nchi yake, akajenga ngome huku Usafwa, mahali panapoitwa Utengule. Alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 akiwa bado ugenini. Aliyeshirikiana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa na kuwarudisha watu wake Usangu ni mwanawe, Merere wa pili. Huyu alirithi himaya isiyo na ardhi yake, na adui aliyekuwa akimjua ni yule aliyemfukuza baba yake. Wajerumani kwake walikuwa wageni wenye bunduki waliojitokeza kwa wakati unaofaa. Alihesabu vibaya, kama tujuavyo sisi tuliozaliwa baadaye. Hata hivyo, kumwita msaliti kunahitaji kwanza kuwepo kwa kitu kinachosalitiwa, na Tanganyika ya kusaliti haikuwepo. Kilichokuwepo ni Usangu na Uhehe, na kati yao vita ambavyo watoto waliwarithi baba zao.

Wanaopenda kupanga makabila kwa mizani ya ushujaa wakumbuke pia mwaka 1905. Maji Maji ilipolipuka, Wahehe hawakujiunga. Wapo waliopigana upande wa Wajerumani, miaka saba tu baada ya Mlambalasi. Siyasemi haya kumvunjia heshima mtu yeyote. Watu waliokwisha kulipa gharama ya vita mara moja wana sababu zao za kutoilipa tena, na sababu hizo zinahitaji kutafitiwa, jambo lisilowezekana iwapo tumeshaamua kwamba Mhehe wa 1891 na Mhehe wa 1905 ni mtu yuleyule.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma nina ombi dogo. Mnapoipa shule, ukumbi au barabara jina, andikeni jina kamili. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu pale Iringa kinaitwa Mkwawa, nasi tunajua ni yupi kwa mazoea tu. Mazoea hayo hayatadumu vizazi vingi. Kuongeza neno moja au mawili juu ya kibao hakuna gharama ya kutisha. Huku kwetu tumeshaonja matokeo ya kutoliongeza: kiwanja cha ndege cha Songwe kiko Mkoa wa Mbeya, na tangu Mkoa wa Songwe uundwe mwaka 2016 wageni hawaachi kutuuliza.

Hata Utengule ziko mbili. Wasangu waliporudi kwao waliliita makao yao mapya jina la yale waliyoyaacha. Utengule ya ugenini, ile ya Merere wa kwanza, iko Usongwe, karibu na Mbalizi, mbele kidogo ya Iyunga kwa anayekwenda Tunduma. Utengule ya marejeo, ile ya Merere wa pili, iko Usangu, wilayani Mbarali, upande wa pili kabisa wa jiji. Wakazi wa huku wanapozitaja huongeza "Usongwe" au "Usangu", na abiria asiyetaja neno hilo la pili huulizwa kwanza na kondakta.