Fahamu: Jinsi mpira na usafi unavyowaepusha vijana wa Mathare na uhalifu

Kila tunapojadili uhalifu wa vijana kwenye kipindi cha asubuhi, wasikilizaji hutuuliza: kando na polisi, nani anafanya nini? Tumeona tueleze mfano mmoja, wa mtaa wa Mathare jijini Nairobi.

Mwaka 1987 Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, aliwakuta watoto wa Mathare wakicheza mpira wa kujitengenezea. Ndipo kikaanza chama cha Mathare Youth Sports Association, au MYSA. Sharti likawa: ukitaka ligi, ufanyie mtaa wako jambo. Timu inayotoka kuzibua mitaro na kuzoa taka hupewa pointi zinazoingia kwenye jedwali la ligi, tena nyingi kuliko za ushindi uwanjani. Kwa hiyo unaweza kufungwa Jumamosi na bado ukapanda kwa sababu ya koleo na toroli.

Vijana wenyewe ndio makocha, waamuzi na viongozi wa kanda. Anayejitolea hukusanya pointi zake binafsi, na wanaofanya vyema hulipiwa karo, pesa zikienda moja kwa moja shuleni. Hapo ndipo tunapoona siri ya mpango huu. Kijana wa miaka 14 huvutwa na genge kwa sababu linampa jina, kazi na chakula cha jioni. Ukimpa filimbi na wachezaji 22 wanaomsikiliza, ana cha kupoteza.

Mwaka 1994 ikaundwa Mathare United, iliyotwaa Kombe la Moi Golden mwaka 1998 na 2000, kisha ubingwa wa ligi kuu mwaka 2008. Hata hivyo wengi wa watoto hawa hawatalipwa kamwe kwa kucheza mpira, na ni vizuri wazazi walijue hilo mapema.

Mama mwenye kijana wa kiume Mathare ana hofu mbili: mwanawe kujiunga na genge, na mwanawe kudhaniwa amejiunga. Hofu ya pili si ya kufikirika. Mwaka 2017 kituo cha haki cha mtaa huo, Mathare Social Justice Centre, kilitoa ripoti kuhusu mauaji ya vijana mikononi mwa polisi. Kuna pia wanaoteketezwa na umati kabla ya kesi yoyote.

Kwa waliopita umri wa ligi za watoto, kazi hubaki kwenye vikundi vya mtaani. Vijana hukusanya taka nyumba kwa nyumba kwa ada ndogo, huosha magari, huuza maji na kusimamia vyoo vya kulipia. Baadhi yao waliacha wizi baada ya kuwazika marafiki. Ugomvi hauishi, hasa kuhusu nani anakusanya taka za ploti gani, na wazee wa mtaa huitwa kuamua.

Kikwazo kikubwa ni ajira rasmi. Waajiri wengi Kenya hudai cheti cha maadili mema kinachotolewa na polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Kijana aliyewahi kuhukumiwa, hata kwa wizi wa simu, huogopa hata kwenda kukiomba. Ndiyo maana utamkuta fundi umeme aliyehitimu akiendelea kubeba magunia ya taka.